Tom Kha wa Misungwi: Supu ya Kithai, Sato wa Ziwa na Wawili Jikoni

Huna haja ya tiketi ya ndege wala hoteli ya nyota tano. Ukiwa na nazi mbili, sato mmoja, mchaichai wa nyuma ya nyumba na mwenzi asiyeogopa kukuna, Jumamosi yenu imekamilika.

Tuwe wakweli, mpenzi msomaji. Anayeishi Masaki au Mikocheni akisema "mpenzi, leo tutoke", kazi yake ni kuchagua tu: Mchina, Mhindi, Mtaliano au Mthai. Sasa wewe mwenzangu umepangiwa kazi Misungwi. Mmoja wenu yuko halmashauri, mwingine anafundisha sekondari au yuko zamu hospitalini. Ikifika Jumamosi jioni mnaulizana swali lile lile, "Tunakula nini leo?" na jibu ni lile lile: chipsi mayai, au nyama choma, au mteremke hadi Mwanza mjini, kilomita 40 na ushee, mkakae kwenye hoteli inayotazama ziwa. Halafu bili ikija, mtazamane nyie.

Wengi wanadhani ndoa zinavunjwa na fumanizi peke yake. Zipo zinazochakaa taratibu kwa sababu ya meza. Mtu anarudi kazini saa kumi na moja amechoka, anapakua, anakula huku macho yako kwenye simu, anasema "asante kwa chakula" bila kujua amekula nini. Siku mia mbili za hivyo na mnageuka wapangaji wawili mnaochangia sufuria. Si kosa la dagaa wala la ugali, jamani. Kosa ni kwamba hakuna siku iliyo tofauti na nyingine.

Ndiyo maana mwezi huu tunaingia jikoni na kitu kinachoitwa tom kha, supu ya nazi ya Thailand. Usiogope jina. Mwisho wa makala haya utakuta karibu kila kitu kinachotakiwa kipo sokoni kwenu, na samaki tutakayemtumia ana hadithi itakayokufanya umwamkie kabla ya kumpaa magamba.

TOM KHA NI NANI?

Ukilisikia jina unaweza kudhani ni konda wa hiace ya Usagara. Kumbe ni maneno mawili ya Kithai. Tom maana yake kuchemsha. Kha ni mzizi mmoja, ndugu wa tangawizi, ila una harufu kali zaidi inayokaribia ile ya msonobari. Ukiongeza gai, yaani kuku, unapata tom kha gai, ndiyo inayojulikana zaidi duniani. Ukiweka samaki badala ya kuku inaitwa tom kha pla, kwa maana pla ni samaki. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua tutaelekea wapi.

Usimchanganye na binamu yake, tom yam. Huyo ni mchachu na mkali, mara nyingi hana nazi kabisa, na ana umaarufu wake: tom yam ya kamba iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2024. Tom yam ni yule rafiki anayekuambia ukweli usoni. Tom kha anakuambia ukweli ule ule, ila amekushika bega.

Siri ya supu hii ni ladha nne kukaa kwenye bakuli moja bila kugombana: chumvi, uchachu, utamu kidogo na ukali wa pilipili. Juu yao wote amelala tui, anawatuliza. Kama umewahi kula urojo Zanzibar, ulimi wako tayari unajua njia. Uchachu ule wa embe na ndimu ni jirani wa karibu.

Halafu Waswahili tuna raha yetu kwenye hilo neno. Mtu akionja mara ya kwanza pilipili ikamkuta, atasema mwenyewe "khaa!" Wanawake wa Thailand nao humalizia sentensi zao kwa neno linalofanana na hilo, ila sauti yake inashuka tofauti, na kwao ni neno la heshima. Kwa hiyo mumeo akipiga kelele ya "khaa!" mezani, mchukulie tu kuwa anakuheshimu.

SATO: MTUMISHI ALIYEHAMISHWA KITUO

Sasa hapa ndipo mambo yanaponoga. Sato tunaowala wengi leo Mwanza na Misungwi hawakuwa wenyeji wa Ziwa Victoria. Jina lake la kisayansi, Oreochromis niloticus, linamtaja kuwa ni samaki wa Nile, na katika ziwa letu alipandikizwa miaka ya 1950, miaka ile ile sangara naye alipoanza kuingizwa. Yaani ni mgeni aliyefika akiwa na barua ya uhamisho, akaripoti kituoni, akazoea, akazaa, na leo ukimwambia siyo Msukuma atakushangaa.

Mwaka 1965 ndugu yake alipata uhamisho wa mbali zaidi. Akihito, wakati huo akiwa Mwanamfalme wa Japani na mwenyewe mtaalamu wa samaki, alimpelekea Mfalme Bhumibol wa Thailand sato 50. Mfalme akawafuga kwenye mabwawa ya kasri lake la Chitralada, Bangkok. Walipozaana akatoa vifaranga 10,000 kwa idara ya uvuvi mwaka 1966 ili wananchi nao wafuge. Leo ni mmoja wa samaki wanaoliwa sana Thailand, na wanamwita pla nin, jina lililotokana na huo huo mto Nile.

Kwa hiyo yule sato uliyemnunua akiwa amefungwa kwenye kamba ya katani, na yule anayechomwa kwa chumvi barabarani Bangkok, ni aina moja ya samaki. Wote wawili wageni, wote wawili wamepokewa. Unapopika tom kha pla kwa sato wa Misungwi hujaiga Wathai. Umewakutanisha ndugu.

Na undugu huu siyo wa samaki tu. Miaka ya 2000 wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanapanda ndege kufuata mzigo wa nguo Bangkok, na wanunuzi wa vito kutoka Thailand walishafika Tunduru tangu miaka ya 1990 kutafuta yakuti. Tumevaa nguo zao, wamevaa mawe yetu. Ilikuwa imebaki chakula.

NAZI IKUTANE NA KARANGA

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawaliongei kabla ya ndoa. Wanaongelea mahari, ukumbi, rangi ya kamati. Hawaongelei sufuria.

Binti wa Tanga au Pemba akiolewa Usukumani anafika na imani kwamba mboga bila nazi ni adhabu. Anakuta kwa wakwe zake mboga inaungwa karanga, na mama mkwe ana imani yake kwamba mboga bila karanga ni maji ya moto. Nazi yenyewe haioti hapa. Inasafiri kwa lori kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,100, ikifika sokoni imechoka kama abiria wa basi la Dar, na bei yake inakumbuka safari nzima.

Hata maneno yanagombana. Siku ya kwanza bibi harusi wa pwani anapomtuma mtoto, "Nenda kwa jirani uniazimie mbuzi", asishangae jirani akimuuliza mtoto kama ni wa kuchinja au wa kufuga. Huku mbuzi ana miguu minne na anakula mahindi ya watu. Ile ya kukalia na kukunia nazi ni bora uifungashe kwenye mizigo yako tangu nyumbani.

Tunacheka, lakini jambo ni zito. Mwenzio akikuambia "chakula cha kwenu sikiwezi", mara nyingi anayekataliwa siyo samaki wa nazi. Anayekataliwa ni mama yako aliyekufundisha, na nyumba uliyokulia. Na wewe ukisema "hizi mboga zenu za karanga" kwa ile sauti ya pua, umefanya hivyo hivyo. Wanandoa wengi wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya mlenda, kila mmoja akidhani mwenzake anajua alichokosea.

Uzuri wa tom kha ni kwamba siyo ya kwenu wala ya kwao. Hakuna bibi atakayesema "sisi hatupiki hivi", kwa sababu hakuna bibi wa Misungwi wala wa Pangani aliyewahi kuipika. Wote wawili mnaanza darasa la kwanza siku moja. Wa pwani analeta ujuzi wa tui, wa ziwani analeta ujuzi wa samaki, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Hapo ndipo chakula kinafanya kazi ambayo semina ya ndoa imeshindwa.

KUSAKA MAHITAJI BILA KUPANDA NDEGE

Ukifungua kitabu cha mapishi ya Kithai utakata tamaa ukurasa wa kwanza. Tulia. Twende kimoja kimoja.

Kha. Huu mzizi hutaupata kirahisi Misungwi. Pwani wapo wauza viungo na dawa wanaouza mzizi mkavu wa jamii yake kwa jina la hulinjani. Kama hunaye wa kukuagizia, tumia tangawizi mbichi na uongeze ganda la ndimu lililokwanguliwa, ile sehemu ya kijani tu. Ladha itakuwa laini zaidi. Kwa haki kabisa supu yako ingeitwa tom tangawizi, lakini hakuna polisi wa Kithai Usagara.

Mchaichai. Huu upo, tena wengi mmeupanda uani kufukuza mbu na kunywea chai. Kwenye supu tunataka shina la chini, lile jeupe. Liponde kwa mchi mpaka lipasuke ndipo harufu itoke.

Majani ya makrut. Ni aina ya ndimu yenye ganda la vipelevipele. Jina lake la zamani kwa Kiingereza lilifanana na neno "kafiri", ambalo Afrika Kusini liligeuzwa tusi baya la kumwita mtu mweusi, ndiyo maana wapishi wengi siku hizi wanatumia jina la Kithai. Wewe chuma majani machanga ya mlimao au mdimu wa jirani, kwa ruhusa yake, uyachane kwa mkono.

Mchuzi wa samaki. Wathai wana kimiminika cha chumvi kinachotokana na dagaa wa baharini waliovundikwa na chumvi miezi mingi. Sisi tuna dagaa wakavu wa Mwaloni Kirumba. Wakaange kidogo bila mafuta, watoe vichwa ili wasilete uchungu, wachemke ndani ya supu kisha uwachuje. Ladha ile ile ya kina inapatikana, na nyumba haivundi.

Uyoga. Tafuta uyoga mamama, ule unaolimwa. Usiokote uyoga wa porini usioujua eti kwa kuwa ni siku ya mapenzi. Tunataka mle wote wawili, na kesho muamke wote wawili.

Sato. Mtazame macho, yawe maangavu, na matamvua yawe mekundu. Ukimbonyeza nyama irudi. Mchukue mkubwa, chini ya sentimita 25 kisheria hatakiwi kuvuliwa wala kuuzwa, na hata ukimpata utaambulia miiba. Kichwa na mifupa usitupe, ndiyo roho ya supu.

MAHITAJI (watu 4, au wawili wenye njaa ya kweli)

Sato 1 mkubwa, kilo 1 hadi 1.5, atolewe minofu
Nazi 2 kubwa zilizokomaa
Mashina 3 ya mchaichai
Tangawizi mbichi, kipande kama kidole cha kati
Majani machanga 6 ya mlimao au mdimu
Uyoga mamama, gramu 200
Dagaa wakavu, vijiko 2 vya chakula
Pilipili kichaa 3, au 5 kama mna ugomvi wa kumaliza
Ndimu 3
Sukari, kijiko 1 cha chai
Chumvi kiasi
Giligilani, fungu 1

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, tui. Kuna nazi. Mimina vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, kamua vizuri, chuja. Hilo ni tui zito, wa pwani wanaliita kasimile. Liweke pembeni kama mshahara, usiliguse mapema. Rudia machicha yale yale na vikombe 2 vingine vya maji, hilo ni tui jepesi. Kama huna mbuzi (ile ya kukalia), katakata nazi vipande vidogo, saga kwa blenda na maji hayo hayo, chuja kwa kitambaa safi. Fanya mapema kabla umeme haujakata shauri lake. Machicha wape kuku, nao wana Jumamosi yao.

Pili, mchuzi wa mifupa. Weka kichwa na mifupa ya sato, pamoja na dagaa, kwenye vikombe 3 vya maji. Hakikisha nyongo imetoka nzima, ikipasuka supu itakuwa chungu kama meseji ya "tunahitaji kuongea". Chemsha taratibu dakika 20. Chuja, utabakiwa na kama vikombe 2.

Tatu, harufu. Rudisha mchuzi motoni. Weka mchaichai ulioponda, tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba na majani ya mlimao. Dakika 10 tu na majirani wataanza kuulizana kuna shughuli gani kwenu.

Nne, tui jepesi na uyoga. Vichemke pamoja dakika 5.

Tano, samaki. Kata minofu vipande vikubwa, vitumbukize, viache dakika 4 hadi 5. Usikoroge kama unasonga ugali. Sato ni mpole, atavunjika.

Sita, tui zito. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Punguza moto, kama ni mkaa, toa nusu ya makaa. Mimina tui zito ukiwa unateka na kumimina kwa upawa, polepole, upande mmoja. Likianza tu kutaka kuchemka, epua. Moto mkali unalitenganisha tui, mafuta yanaelea juu na chini kunabaki maji yenye punje. Ndicho wa pwani wanachokiita tui kukatika.

Saba, umalizie nje ya moto. Kamulia ndimu mbili kwanza, onja, ndipo uamue ya tatu. Weka sukari, chumvi na pilipili ulizozigonga kidogo. Ndimu haiingii ikiwa motoni: uchachu na joto kali kwa pamoja vinakata tui, halafu ile harufu nzuri inaondoka na mvuke. Nyunyiza giligilani, pakua.

Kula na wali mweupe. Wilaya yenyewe inalima mpunga, kwa hiyo hapo huna cha kujitetea. Na umwambie mgeni wako kwamba mchaichai, tangawizi na yale majani haviliwi, vinasogezwa pembeni. La sivyo utamkuta anatafuna mchaichai kama muwa, kwa heshima tu, machozi yakimtoka.

Ukipenda kuku badala ya sato, sawa. Wa kienyeji mchemshe kwanza mpaka alainike, maji yake yawe ndiyo mchuzi. Wa kisasa tumia kidari kilichokatwa vyembamba, dakika 10 zinatosha.

NANI ANAKUNA, NANI ANAONJA?

Kina kaka, najua mnavyowaza. "Wanangu wakinikuta nimekalia mbuzi, nitaambiwa nimepewa limbwata." Hivi hao washikaji wako ndio wanaokupakulia? Wote wawili mnatoka nyumbani saa moja asubuhi, wote mnarudi mmechoka, mshahara wote mnaweka mezani. Kwa nini basi saa kumi na mbili jioni mmoja aende kwenye kochi na mwingine aende jikoni kuanza kazi ya pili? Hilo ni jambo la haki kabla halijawa la mapenzi.

Na kina dada, nanyi mna lenu. Akiingia jikoni mara moja kwa mwezi mnamsimamia kichwani: "Siyo hivyo", "Toka, unanichafulia", "Ngoja nifanye mwenyewe". Mtu mzima hafundishiki kwa kusonywa. Muache akate tangawizi vipande vinene kama matofali, supu haitakufa. Anachojifunza ni kwamba jikoni kuna nafasi yake.

Mgao wetu ni huu. Mmoja achukue tui: kuna, kamua, chuja. Mwingine achukue samaki: kupaa magamba, kutoa minofu, mchuzi wa mifupa. Hizo kazi mbili zinachukua muda unaolingana, kwa hiyo hakuna wa kumsubiri mwenzake akiwa amenuna. Kuonja ndimu na chumvi ni kwa wote wawili, kijiko kimoja, na supu haitoki mpaka wote mkubali. Simu zikae chumbani. Mtashangaa mtu anayekujibu "poa" kila ukimuuliza habari za kazi anavyoanza kusimulia mambo ya ofisini akiwa anakuna nazi. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka.

Kwa wale ambao mmoja yuko Misungwi na mwingine kituo chake ni Sengerema au Geita, mnajua mlivyoteseka. Jioni yenu ilikuwa inapangwa na kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3 lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, ghuba inavukwa kwa dakika chache. Wengi mmeshaanza kula pamoja siku za kazi, jambo ambalo zamani lilihitaji ratiba na dua. Ila ule udhuru wa "kivuko kimechelewa" nao umekufa rasmi. Kama bado unachelewa, mwenzio ana haki ya kuuliza.

MAMA MKWE AKIFIKA GHAFLA

Utakuwa umeshapakua, mishumaa miwili mezani, mara hodi. Ni mama mkwe, na kikapu cha michembe na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Usikimbie kuficha sufuria.

Amkia kwanza. "Shikamoo mama", piga goti kama ndivyo mlivyozoeana, pokea kikapu. Ukijua kusema "wabeja" kwa ile michembe umeshashinda nusu ya safari. Mkaribishe mezani, mweleze kwa lugha nyepesi: "Ni supu ya sato, mama, tumeiweka nazi na ndimu." Usianze na Thailand. Thailand itakuja baadaye, akishamaliza bakuli. Pilipili yake itoe, muwekee pembeni aongeze mwenyewe.

Na tafadhali, kwa wakati huo mwanaye asivue aproni kwa aibu. Mama akimuona kijana wake amesimama jikoni na upawa, anaweza kukunja uso kidogo. Hapo kazi ya kusema siyo ya mkwe, ni ya kijana mwenyewe: "Mama, huyu samaki nimemtoa minofu mimi, umeniona fundi?" Akisema hivyo kwa furaha, lawama haina pa kukaa. Akinyamaza na kumuachia mkewe ajitetee, ataharibu kuliko tui lililokatika. Kesho yake mpikieni mama mboga ya majani kwa karanga, vizuri, kama anavyopika yeye, ili ajue nazi haikuja kufukuza mtu.

YA KUKUMBUKA KABLA HUJAWASHA MOTO

Supu ya nazi na samaki hailali nje. Iliyobaki weka kwenye friji na uimalize kesho yake, ukiipasha kwa moto mdogo bila kuchemsha.

Tui lina mafuta mengi. Mara moja au mbili kwa mwezi ni starehe. Kila siku ni miadi na daktari. Mwenye shinikizo la damu apunguze na chumvi.

Nazi ikikosekana sokoni, tui la kopo la supamaketi linafaa. Kopo moja la mililita 400 linachukua nafasi ya tui zito. Kwa tui jepesi ongeza vikombe 2 vya mchuzi wa mifupa.

Usialike watu kumi mara ya kwanza. Pikeni nyie wawili, mcheke wenyewe, mkosee wenyewe. Mara ya tatu ndipo muite mashemeji.

Na mkishakula, vyombo vioshwe usiku huo huo, mmoja akiosha na mwingine akisuuza. Harufu ya samaki ikilala kwenye sinki mpaka Jumapili asubuhi, hakuna Bangkok itakayowasaidia.